Tulipobeba Hewa Hadi Tinde

Plastiki ikiiva hunuka kama mshumaa uliozimwa sasa hivi. Harufu hiyo ilikaa kwenye nywele zangu, kwenye shuka, hata kwenye unga wa ugali, mpaka nikaacha kuisikia. Leo ikinijia ghafla nikiwa mbali na kwetu, labda mtu anachoma takataka, husimama hapohapo nilipo. Naiona Tinde: njia panda, mabasi yamesimama milango wazi, joto linacheza juu ya lami kama maji, na mume wangu amechuchumaa mbele ya moto, kichwa amekiinamisha upande kama mtu anayesikiliza majirani wakisemezana nyuma ya ukuta.

Alikuwa fundi wa kuchomelea. Alitengeneza mageti na madirisha, na majembe ya kukokotwa na ng'ombe yakivunjika aliyaunga. Mimi nilikuwa na cherehani yangu kwenye kibaraza hichohicho, upande ambao cheche hazifiki, ingawa siku nyingine zilifika na nikalazimika kumweleza mteja kwa nini gauni lake lina tundu dogo la mviringo. Tulikuwa na binti wawili waliozaliwa siku moja. Tangu wazaliwe hakuna aliyetuita kwa majina yetu tena. Yeye akawa Baba Mapacha, mimi Mama Mapacha, na hata sisi wenyewe, tukiwa wawili tu, tuliitana hivyo.

Siku moja alirudi na tangi nene la chuma kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Akalishusha uani, akalizunguka, akaligongagonga.

"Humu," akasema, "tutapika madumu mabovu, yatoke mafuta."

"Na mboga tutapika wapi?" nikamuuliza.

Hakucheka. Alikuwa ameona kwenye simu watu wa nchi fulani wakifanya hivyo, akawa anaiangalia video ile kila siku baada ya kula, akiisimamisha, akiirudisha nyuma, akiikuza kwa vidole viwili mpaka uso wa yule mtu wa mbali ukawa vipande vipande. Alichomelea mfuniko, akatoa bomba juu, akalipitisha ndani ya pipa la maji ili mvuke upoe. Akawasha kuni chini. Tukakaa kwenye viti vyetu tukingoja, watoto wakicheza miguuni, na mchana ule ukawa mrefu na mtulivu kama mchana wa Jumapili.

Tone la kwanza lilipotoka nilikuwa nasinzia. Nilisikia tu sauti yake kwenye ndoo.

"Mama Mapacha. Njoo uone."

Yalikuwa ya rangi ya chai ya mkandaa, isiyo na maziwa. Alichovya kipande cha kitambaa, akakiwasha, kikawaka moto wa manjano wenye moshi mweusi. Akakishika juu kwa koleo kama mtu anayeonyesha samaki aliyemvua. Uso wake ulikuwa na masizi, na nadhani sijawahi kumpenda kuliko dakika ile.

Majirani walidhani tunapika gongo. Tangi, moto, bomba, pipa la maji, nani asingedhani? Mwenyekiti wa kitongoji alikuja mwenyewe, mikono nyuma, akazunguka uani. Kisha akachovya kidole kwenye ndoo, akaonja, akatema, akatema tena.

"Hii," akasema akijifuta ulimi kwa kiganja, "hata mlevi wa kweli haiwezi." Akatuaga vizuri akaenda zake.

Mteja wetu wa kwanza alikuwa mwenye mashine ya kusaga mahindi, mtaa wa pili. Alichanganya mafuta yetu na dizeli ya kituoni, nusu kwa nusu, akavuta mkono wa kuwashia, na injini yake kuukuu ikakohoa, ikakaa sawa, ikaanza kuimba. Tulisimama pale tukiisikiliza. Wanawake waliokuja kusaga walituuliza kama kuna msiba.

Baada ya hapo tatizo letu likawa usafi. Tinde ilisafika. Mifuko ya kubebea ilikuwa imepigwa marufuku zamani, na chupa za maji zinazotupwa na abiria hazifai. Ukizipika hazitoi mafuta, hutoa unga unaoziba bomba. Tulihitaji madumu, ndoo zilizopasuka, mabeseni, viti vilivyovunjika miguu, viroba, nailoni za kufungia bidhaa. Mji mdogo una vitu hivyo, lakini si vya kulisha tanuri kila wiki. Akina mama wauza karanga wa stendi walikuwa wakinikimbilia na kifuniko kimoja cha ndoo: "Mama Mapacha, mzigo wako huu!" Wakicheka. Nami nilikipokea kwa mikono miwili. Siku nyingi tanuri lilikaa baridi, na Baba Mapacha alilizunguka kama mtu mwenye ng'ombe wa maziwa asiye na majani.

Ndipo akaja mzee wa lori. Alikuwa dereva mtu mzima wa Tabora, mwenye kofia ya kufuma na ndevu nyeupe zilizochongwa vizuri, aliyekuwa akipeleka mchele machimboni, mbele ya Ushirombo, na kurudi na mbao. Alileta kufuli la bodi lichomelewe. Akaona tanuri, akauliza, akaelezwa.

"Hamna plastiki?" akashangaa. "Nyinyi mnaokota vifuniko hapa, na kule machimboni kuna mlima! Mtoto akipotea kule anatafutwa siku mbili."

Tulikubaliana niende mimi, kwa sababu moto ulikuwa wa mume wangu na kutafuta kulikuwa kwangu. Nilimpelekea mama mkwe watoto kijijini kwake, Samuye, nikarudi, nikapanda lori.

Machimbo yale unayafikia ukiacha lami na kufuata njia ya vumbi katikati ya miti ya miombo. Unaendelea kwa muda ukiona miti tu, halafu ghafla miti inakoma na kuna mji wa maturubai. Mashimo ya kuchimbia dhahabu, ambayo wenyewe huyaita maduara, yamefunguka kila mahali, yamezungushiwa magogo. Mashine za kusagia mawe, makarasha, zinanguruma kutwa, na vumbi la mawe linaelea juu ya watu wote, kwa hiyo kila mtu ana rangi moja, kijivu hafifu, wenyeji na wageni. Nilitembea katikati yao kama mtu aliyeingia kwenye ndoto ya mtu mwingine. Hakuna aliyenishangaa.

Nyuma ya vibanda vya chakula niliukuta mlima. Viroba vilivyochanika kwa kubebea mawe, mipira ya kuvutia maji kutoka mashimoni, madumu, mabeseni ya kuoshea mchanga wa dhahabu. Mwanamke mmoja mama lishe, mnene, mwenye sauti ya kwaya, alikuwa akimwaga maji machafu pembeni.

"Shikamoo mama," nikamsalimu. "Hivi vitu ni vya nani?"

"Marahaba. Ni vya Mungu."

"Naweza kuvichukua?"

Aliniangalia miguu mpaka kichwa. "Chukua, mwanangu. Chukua na nzi wake."

Bure! Sikuamini. Nilimpigia simu Baba Mapacha nikiwa nimesimama juu ya mlima wenyewe, kwa sababu juu ndiko mtandao ulikuwa unashika, nikamwambia tumetajirika.

Safari hiyo ya kwanza mzee wa lori alikosa mbao, akatubebea kwa kutuonea huruma. Vijana walipakia mpaka mzigo ukazidi kimo cha kichwa cha lori mara mbili. Mimi nilipanda juu kabisa kushikilia turubai, kwa kuwa upepo ulikuwa unalinyanyua.

Ile safari sitaisahau. Nilijilaza chali. Chini yangu madumu matupu yalikuwa yakigongana kwa sauti ndogo, na mzigo wote ulikuwa unayumba polepole, ukizama na kuinuka kama kifua cha mtu aliyelala. Matawi yalipita juu ya uso wangu, kisha matawi yakaisha na ikabaki mbingu peke yake. Mawingu yalikwenda upande tuliokuwa tukienda sisi, kwa mwendo wetu, na kwa muda mrefu nilidhani tumesimama. Pale Masumbwe nilisikia watoto wakishangilia chini lakini sikuwaona. Kahama nilisikia muziki na honi na nikanusa nyama choma. Isaka lori lilipunguza mwendo, treni ikapiga honi mahali fulani, nami nikawaza kwamba marehemu baba yangu alikuwa akipenda sauti ile, na nikamwona amesimama karibu na reli, kijana, amevaa koti. Nililala. Nilipoamka jua lilikuwa pembeni na mawe ya vilima vya kwetu yalikuwa mekundu, yamekaa yamebebana kama yanavyokaa siku zote. Sikuwa na uzito wowote.

Tulipika mzigo ule. Kwanza tuliuchambua: matope tukayakung'uta, chupa za maji zilizojipenyeza tukazitupa, vyuma tukavitoa. Mlima ukawa kichuguu. Kichuguu kikaingia tanurini kidogokidogo, na mafuta yaliyotoka yalijaza madumu machache tu, yakapangwa ukutani. Mzee wa lori alipita siku hiyo kutusalimia. Aliyaangalia madumu, akaangalia mahali mlima ulipokuwa umesimama, akavua kofia.

"Baba Mapacha," akasema, "mimi nimeleta tembo. Mmenipikia panya."

Mume wangu alisema safari ijayo tutapanga vizuri. Na kweli tulijaribu. Nilishona magunia makubwa ya viroba vya zamani, yenye kamba za kukaza mdomoni, tukawa tunajaza na kukanyaga kama watu wanaokanyaga pamba ghalani. Ukikanyaga linapungua, ukishuka linavuta pumzi na kuinuka tena. Tulikata madumu kwa panga, tukayapachika moja ndani ya jingine. Mama lishe alitusaidia, akikanyaga kwa uzito wake wote na kuimba nyimbo za kanisani. Lakini plastiki haina adabu ya pamba. Na sasa mbao zilikuwa nyingi, mzee wa lori hangeweza kuziacha kwa ajili yetu, kwa hiyo tulilazimika kulikodi lori kwenda na kurudi. Plastiki ilikuwa bure. Barabara haikuwa bure.

Nilikuwa nashona usiku na mchana, na nilichopata kwa cherehani kilikwenda kwenye lori. Baba Mapacha alichomelea mageti ya watu asubuhi ili mchana apike plastiki, na nilianza kuona kwamba mageti ndiyo yanayolisha tanuri, wakati tulitegemea tanuri lije lilishe nyumba. Sikumwambia. Mtu akiwa na furaha yake unaogopa kuigusa.

Yeye mwenyewe ndiye aliyeuliza. Tulikuwa tumekaa na mzee wa lori tukinywa chai.

"Mzee wangu, mafuta yote ya mzigo mmoja nikikumiminia kwenye tangi lako, utaenda machimboni na kurudi?"

Mzee alipuliza chai yake. "Injini yangu imeshakunywa kila kitu, hata mafuta ya alizeti. Kufa haifi. Kufika, mimi sijui."

"Tujaribu."

Tukaenda watatu. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Baba Mapacha kuiona njia ile, na alikaa dirishani akiangalia kila kitu: mashamba ya mpunga, ng'ombe wakivuka, vijana wa bodaboda waliolala juu ya pikipiki zao. Lori lilitoa moshi mweupe na lilinuka mshumaa njia nzima. Kila tulipofika mji alitabasamu. Kahama, akatabasamu. Ushirombo, akanishika goti. Machimboni alisalimiana na mama lishe kama ndugu, tukapakia, tukalala kwenye kibanda chake, asubuhi tukaanza kurudi.

Tulikuwa tumeipita Masumbwe, kwenye nyika isiyo na nyumba hata moja, lori lilipokohoa. Likaenda kidogo, likakohoa tena, likanyamaza. Lilijikokota lenyewe mpaka pembeni ya barabara na kusimama taratibu.

"Imekata?" mume wangu akauliza.

Mzee alishuka, akagonga tangi kwa ngumi. Likaitika kama ngoma. "Imeisha," akasema.

Hakukuwa na hatari yoyote. Mzee alikuwa na dumu la dizeli ya kituoni chini ya kiti, yeye si mtu wa kusafiri kwa imani tu. Lakini hakuna aliyelitoa kwa haraka. Tulikaa kwenye majani makavu, migongo kwenye tairi, upande wa kivuli. Upepo ulikuwa unapita kwenye mzigo juu yetu na madumu yalikuwa yakitoa mluzi, kila moja sauti yake, nene na nyembamba. Mbali kabisa mtoto alikuwa akichunga mbuzi, na mbuzi walionekana kuelea kwenye joto, miguu haigusi chini. Hakuna gari lililopita. Nilihisi kama tumefika mahali ambapo hakuna anayetudai wala kututarajia, na tungeweza kukaa hapo mpaka uzee.

Baba Mapacha akaanza kucheka. Mwanzoni kidogo, puani. Kisha akacheka mpaka akalala ubavu, machozi yakimtoka na kuchora mistari kwenye vumbi la mashavu. Nami nikacheka kwa kumwona. Mzee naye.

"Mama Mapacha," alisema alipopata pumzi, "mzigo huu umeshindwa kujileta wenyewe nyumbani. Sisi utatupa nini?"

"Nimebeba mchele, nimebeba saruji, nimebeba na jeneza," mzee akasema. "Ila hewa, nimeibeba kwa ajili yenu. Nyingi mno. Tungefungua turubai tungepaa."

Akaleta dumu, akajaza, kisha akafungua boneti na kuanza kulegeza nati, maana injini ya dizeli ikikaukiwa lazima utoe hewa iliyoingia kwenye mirija ndipo iwake. Mume wangu alimshikia spana. Povu likatoka, likatoka, likatoka, hatimaye mafuta safi.

Baba Mapacha akalitazama povu lile. "Kumbe tunahangaika bure," akasema polepole. "Tanuri ndilo lisafiri. Mara moja tu. Likae kulekule. Makarasha yanakunywa dizeli mlangoni pa mlima wenyewe."

Nilijua ni kweli, na nilijua pia kwamba tanuri haliwezi kukaa peke yake.

Tulikwenda Samuye kumweleza mama yake. Alikuwa akipepeta mtama, na tulimkuta katikati ya wingu la makapi yanayong'aa kwa jua la asubuhi. "Mwangaluka mayu," nikamwamkia kwa Kisukuma, akaitika bila kusimamisha ungo. Alimsikiliza mwanawe mpaka mwisho.

"Ni sawa," akasema. "Ng'ombe ndio hufuata majani. Nani amewahi kuona majani yakifuata ng'ombe?" Akapepeta tena. "Lakini ndama hawaendi huko."

"Mama..."

"Mashimo yale hayana mfuniko. Ndama hawaendi."

Hatukubishana naye. Wajukuu wake walikuwa wamekaa nyuma yake ndani ya ungo mkubwa wa pili, wakijimwagia makapi vichwani.

Kwa hiyo tanuri likahama, na lori, kwa mara ya kwanza katika biashara yetu, lilibeba kitu kizito. Kule machimboni mambo yalikwenda kama maji yanayoteremka. Plastiki ilitoka hatua chache nyuma ya vibanda, mafuta yakatembea kwa mkono hadi kwenye karasha la jirani, na jioni mwenye karasha alirudisha dumu tupu yeye mwenyewe. Mama lishe akapata kazi ya kuchambua pamoja na wenzake. Ule mlima ulipungua mpaka nyuma yake kukaonekana kijito ambacho watu walikuwa wamesahau kama kipo. Pesa, ndiyo, zilipatikana. Nilimnunulia mama mkwe mabati ya jikoni.

Ila mimi nikawa ndio mzigo. Wiki mbili kwa mume wangu, wiki mbili kwa watoto na cherehani. Basi, pikipiki, lori la mzee, basi. Nauli ilikuwa ndogo ukiilinganisha na zile za hewa, lakini kila nilipofika upande mmoja, kitu fulani kilikuwa kimebaki upande wa pili. Nilikuwa nikiamka na kutazama paa kwanza ili nijue niko wapi. Likiwa turubai, nilaze kichwa begani kwa mtu mzima. Likiwa bati, ninyooshe mkono nitafute vichwa viwili vidogo. Njia ikawa nyumba yangu ya tatu. Nilijua kila muuza mahindi ya kuchoma kati ya Tinde na Ushirombo, na wao walinijua, na mmoja wao alinizoea hata akawa ananiwekea hindi nililopenda, lililoungua kidogo.

Baba Mapacha hakupata nafasi ya kuja Samuye kwa muda mrefu. Moto ukiwaka hauachwi. Alipokuja hatimaye, nilikuwa nimefika siku moja kabla yake. Tulimwona akikata kona ya uzio, mwembamba, mweusi kuliko alivyokuwa, amebeba begi na mikate. Binti mmoja alikimbia kumpokea. Wa pili, yule mpole, alimtazama akija. Kisha akapiga magoti kwa heshima, kama bibi yake alivyomfundisha kuwapokea wageni, akasema, "Shikamoo."

"Marahaba, mama," baba yake akasema.

Alingoja. Naye mtoto aliona amemaliza wajibu wake, akasimama, akarudi nyuma ya khanga ya bibi, akaziba pua.

Baba Mapacha aliweka mikate chini. Aliomba sabuni na maji, akaenda nyuma ya zizi kuoga. Alikaa huko muda mrefu. Nilipompelekea taulo nilimkuta amechuchumaa akijisugua mikono kwa mchanga, mbele ya beseni ambalo maji yake yalikuwa bado safi.

"Haitoki," akasema.

"Atakuzoea. Kesho tu."

"Kesho kutwa narudi." Alisugua tena. "Mama Mapacha, nilifikiri tumeshamaliza habari ya gharama za njia."

Nikachuchumaa pembeni yake. Ng'ombe walikuwa wakirudi, vumbi lao limewatangulia, la dhahabu, na kengele ya mmoja wao ilisikika kabla hatujawaona. Tulikaa pale mpaka vumbi likatupita juu ya vichwa. Hatukuamua neno lolote siku ile, lakini nadhani wote wawili tulikuwa tumeshaamua kukaa pamoja tena.

Machimbo yenyewe yalitusaidia. Dhahabu ya pale ilipungua, habari za mahali pengine zikaenea, na watu wakaanza kuhama, kwanza vijana, kisha makarasha yakapakiwa kwenye malori, kisha vibanda. Asubuhi moja mama lishe alifunga masufuria yake, akanikumbatia, akaniachia mwiko mkubwa kama kumbukumbu. Baada ya hapo palikuwa kimya. Maturubai yaliyochanika yalipepea juu ya nguzo na ndege wadogo walianza kutua kwenye kingo za mashimo. Plastiki ilikuwa bado ipo, nyingi, lakini hapakuwa na injini ya kunywa mafuta yake. Baba Mapacha alisema angeweza kuwafuata. Alisema hivyo huku akilegeza bolti za tanuri, na hakusema watakuwa wameenda wapi.

Tulishukia Ushirombo. Aliuliza watu swali moja tu, mtaa kwa mtaa: ni wapi hapa takataka na mashine zinakaa karibu kiasi kwamba toroli linatosha? Tukapata kiwanja nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga, karibu na soko. Mji huu hautoi milima. Unatoa ndoo za hapa na madumu ya pale, na viroba msimu wa mavuno. Tanuri linawashwa mara mbili kwa wiki, siku nyingine mume wangu anachomelea mageti, mimi nashona sare za shule. Mwenye mashine huvuka ua na toroli, huchukua dumu lake, huniuliza habari za asubuhi.

Mama mkwe aliwaleta watoto mwenyewe kwa basi. Alikuwa hajawahi kuipita Kahama, na alishuka amevaa gauni lake la kanisani, akiangalia huku na huku kama anakagua malisho. Aliangalia tanuri, akaangalia uzio mpya ambao mwanawe alikuwa amelizungushia, akautikisa kwa mikono miwili kuona kama ni imara. Akaridhika. Aliondoka baada ya mavuno, kwa sababu alisema nyumba yake inamwita.

Sasa mvua zikianza, huwa nafunga cherehani mapema. Mvua ikinyesha juu ya rundo la madumu na mabeseni uani hutoa sauti nyingi kwa pamoja, na binti zangu, ambao wako darasa la pili, hubishana ni sauti ya nini. Mmoja anasema ni watu wanapiga makofi. Mwingine anasema ni bisi zinakaangwa. Baba yao amelala kwenye kiti, mdomo wazi, na yule mpole amemlalia kifuani akiendelea kubishana kwa sauti ya chini, asije akamwamsha.